Nyundo Mpakani

Mwanafunzi wa jiolojia kutoka Ujerumani aling'oa mmea wa isale kwa mikono miwili, apate kuuona vizuri mwamba uliokuwa chini yake. Sifael, mwenyeji wa Machame aliyemwongoza yeye na wenzake, alichelewa kumzuia.

Kwa Wachagga isale ndilo mpaka. Lile lilitenganisha migomba ya mzee mmoja na ya shemeji yake mjane.

Mzee ndiye aliyefika kwanza. Hakufoka. Alifukia shimo kwa mguu, akaliokota isale, akalipanda hatua tatu ndani ya migomba ya mjane, akalishindilia kwa kisigino.

"Lilikuwa hapa. Au sivyo, mwanangu?"

Mzee huyu ndiye aliyemsimamia Sifael ubatizo.

Mjane akatokea, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sifael, isale langu lilikuwa wapi?"

Wageni wale hawapigi picha ya mwamba bila kulaza nyundo kando yake, ukubwa ujulikane. Nyundo ya Mjerumani ilikuwa ingali imelala kando ya shimo lililofukiwa, pale isale lilipong'olewa.

Mjerumani aliinama kuiokota. Sifael akamshika mkono.

"Iache hapo hapo."