Mlango wa Trebonia

Saa mbili asubuhi kulikuwa na mwanamume juu ya paa la Vibius, aking'oa vigae. Alikuwa kifua wazi, akipiga mluzi kama mtu aliye kwake.

Vibius alimtazama kutoka njiani, kisha akagonga mlango.

"Nani?"

"Mimi, Trebonia. Salamu zangu za jana hukuzipata?"

"Nilizipata." Sauti ya mkewe ilisogea karibu na mlango. "Rudi nyuma. Usikanyage kizingiti. Jeshi lilileta habari kwamba Waparthi wamekuua. Nikakulilia, nikakujengea kaburi. Aliyekwisha kuzikwa hapiti hapa. Mlango huu si wako tena."

"Ni wa nani, basi?"

Komeo likasukumwa kwa ndani.

Jirani yao, bibi Okulatia, alikuwa akichambua kabichi barazani kwake. "Marehemu huyo! Kaburi lako umeliona? Tulikula dengu na mayai pale mpaka tukavimbiwa."

"Nimeliona." Alilipita kando ya barabara, nje ya lango la mji. Herufi za jina lake zilichongwa vizuri.

Vibius akaonyesha paa. "Na huyo wa juu?"

"Sertor? Hodari huyo. Trebonia kamwita alfajiri, hata jua hakulingoja." Bibi akacheka peke yake.

Vibius alikaa juu ya jiwe. Waliomfahamu walipita upande wa pili wa njia, wakiwashika watoto mikono. Utumwani kwa Waparthi aliikumbuka nyumba hii kipande kwa kipande: jiko, miungu ya nyumbani katika kishubaka chao, doa la mvua juu ya kitanda. Aliahidi kuliziba paa kabla ya kwenda vitani. Hakuliziba. Sasa lilikuwa na fundi mwingine.

Akachukua furushi lake, akashika njia ya lango la mji. Huko, angalau, jina lake lilikuwa bado na mahali.

"We marehemu!" Sertor aliita. "Unakwenda wapi, na mimi ndiyo namaliza?"

Akateremsha ngazi ukutani. Vibius alisita, kisha akapanda.

Hakuna kilichozibwa. Juu ya kitanda palikuwa na tundu, pana kama mabega ya mtu. Chini yake alisimama Trebonia, vumbi la vigae nyweleni, mikono ameinyoosha juu.

"Haya, shuka," alisema. "Mwiko wa wafu ni wa mlango, si wa paa. Nitakudaka."

Vibius akaingia, miguu mbele.