Chipu ya Ghorofa ya Panya

Binti aliishika ile chipu kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayeokota soksi isiyo yake, akaiweka mezani, kisha akaenda kunawa. Alikuwa amevaa glavu. Alinawa hivyo hivyo, juu ya glavu.

Nyumbani walimwita Kinyaa, na jina lilimkaa. Alikuwa mtu wa kusuuza glasi iliyotoka kusuuzwa sasa hivi. Kijiko kilichowahi kushikwa na mwenye mafua alikikataa hata mafua yakishapona. Shangazi aliyemlea alisema mtoto huyu siku akifika peponi, kabla ya kuingia atauliza nani amepiga deki.

Riziki nayo kwa utani wake ikampeleka kwenye maabara isiyomudu chipu mpya.

Chipu yenyewe ni kitu kidogo cha kulala kiganjani, kina vitundu visivyoonekana kwa macho. DNA ya kiumbe hupita humo kama uzi kwenye tundu la sindano, na mashine husoma ni ya nani. Kwa kuwa mpya haishikiki kwa bei, maabara yao ilivaa mitumba: ilipokea chipu zilizokwisha kutumika ghorofa ya juu, ikaziosha, ikazitumia tena. Na ghorofa ya juu jengo zima liliiita Ghorofa ya Panya.

Kwa hiyo Kinyaa alipoitazama ile chipu hakuona DNA. Aliona mkia.

Huo ndio uliokuwa mtihani wake wa kumaliza kipindi cha majaribio. Mkuu wa maabara, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alimpa masharti akiwa amesimama: aioshe chipu ya juu, kisha asomee humo nyama inayojulikana. Akitoka ng'ombe mtupu, ameajiriwa. Akichomoza mnyama mwingine, basi mabaki hayakutoka, na asiyejua kuosha hana kazi hapa. Shangazi alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba binti yake ameajiriwa, tena alitangaza kwa sauti ya kuvuka ukuta.

Nyama inayojulikana haikuwa mbali. Getini palikuwa na muuza soseji za ng'ombe waliyemwita Mjomba, na maabara nzima ilifungua kinywa kwake kila asubuhi. Mkuu hakuchoka kumsifu. Hata ule msimu wa maradhi ya mifugo, mabucha yote yamefungwa na mji mzima unakula mboga, Mjomba hakukosa soseji hata siku moja. Kinyaa alikata kipande, akakitia kwenye kichupa cha kusagia. Kilichobaki aligawana na Mkuu barazani, wakala huku wakipuliza vidole. Kilikuwa chakula pekee nje ya nyumbani ambacho Kinyaa alikila bila kukihoji.

Halafu akaingia kuosha.

Alipitisha kimeng'enya cha kukatakata DNA iliyobaki ndani, akasubiri, akanyonya majimaji kwa pipeti, akapitisha tena, akichunga kiputo cha hewa kisipenye, maana kikipenya chipu imekufa. Kila tone lililotoka alilitazama kana kwamba lina manyoya. Alipopeleka taka nje, alipita kwenye ngazi paliporundikwa vizimba vya panya, vitupu, vimefumwa utando wa buibui. Alibana pumzi mpaka akavuka, akahisi kitu kinamtembea shingoni. Kilikuwa kitambulisho chake.

Aliporudi aliisomea humo ile soseji iliyosagwa, na mchana majibu yakatoka. Ng'ombe alikuwemo, lakini kama mgeni aliyechelewa, amejibanza nyuma. Aliyejaa ukumbini alikuwa panya.

Mkuu alivuta kiti, akatazama skrini, akamtazama yeye, akamuuliza kama kweli aliosha. Kinyaa akasema aliosha, tena akarudia. Mkuu akamweleza kwa upole, ule upole unaouma kuliko kofi, kwamba chipu ikioshwa hata vibaya hubakiza chembe mbili tatu. Huyu panya si chembe. Huyu amehamia na familia.

"Mwanangu, kinyaa kimekushinda," alisema. "Umeogopa kuigusa, ukaipitishia maji ya kuzuga."

Kinyaa alianza hata kujishuku mwenyewe: pengine mkono ulikuwa unakwepa bila yeye kujua. Alivua koti jeupe, akalikunja taratibu, akiwaza atakavyoingia nyumbani na majirani wote wako ukutani.

Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia kaka wa ghorofa ya juu, yule anayewaletea mitumba, na chipu nyingine mkononi. Mkuu hakumwacha hata asalimie. Alimwambia aondoke nayo, panya wake wamemharibia binti wa watu kazi.

Kaka akacheka.

"Panya gani, Mkuu? Sisi panya tuliwaacha mwaka juzi, hilo jina mmetubandika tu. Ile chipu niliitoa mpya kwenye pakiti, ikasoma migomba, basi. Ndiyo hiyo nikawapa."

Mkuu aliinamia skrini kutafuta mgomba. Alishuka orodha mpaka chini, akapanda tena mpaka juu. Hakuona hata jani.

"Umeosha vizuri, mwanangu," alisema, kiganja kimeziba mdomo, macho yameelekea getini. "Kazi umepata."