Swala Siku ya Kuhesabiwa

Zamani wanyama walipokuwa na serikali yao, Tembo ndiye aliyekuwa bwana nyama. Kila masika yakiisha alipita kuwahesabu swala, kisha akampa Chui vibali vya kuwawinda, vingi au vichache kadiri alivyowaona.

Swala wa kilimani, aliyejiona mjanja kuliko wote, akawalaza jamaa zake kwenye nyasi ndefu. Tembo akapita, akaona masikio mawili matatu tu.

"Mmekwisha namna hii?"

"Tumekwisha, Bwana Nyama," Swala akajibu, akijifuta machozi yasiyokuwepo.

Tembo akahuzunika, akamnyima Chui vibali vyote. Chui akashindia panya huku akinung'unika. Swala wakala, wakazaana, wakala tena, wala hakuna aliyejiuliza nyasi zitatosha hadi lini.

Masika mengine yakaisha. "Laleni!" Swala akaamuru. Wakalala wote, mbavu nje, juu ya udongo mtupu. Tembo akasimama akiwatazama.

"Na hawa ni akina nani?"

"Wageni," Swala akasema, lakini tumbo likamnguruma hadi uongo ukamshinda. "Bwana Nyama, tunakufa njaa. Mpe Chui vibali, tupungue. Ila tafadhali, aanze na wale wa bondeni. Wao ndio walafi."

Tembo akashusha pumzi. "Wa bondeni walikuja asubuhi kuniomba hayo hayo. Wamesema aanze na wewe."

Nyuma ya Tembo, Chui alikuwa ameshanawa, anangoja kukaribishwa.