Mwalimu wa London

“Ngazi inatembea yenyewe. Unasimama upande gani?”

“Wa kulia.”

“Na kushoto?”

“Naacha wazi, wenye haraka wapite.”

Hinda akapiga makofi. “Wallahi, abaayo, dada yangu, wewe ni mwenyeji kabisa!”

Walikuwa wamekaa jamvini kwa Hinda, katika kambi ya wakimbizi ya Hagadera, ambako ngazi pekee ni ile ya kupandia tangi la maji. Ramlo hakuwa amefika hata Nairobi. Lakini mumewe, Abdiqani, alikuwa London mwaka wa sita sasa, na ofisi ya viza ilikuwa imemwita Ramlo Garissa kwa mahojiano ya kumfuata. Hakukuwa na nafasi nyingine. Wazee wa ukoo walishamwambia Abdiqani waziwazi: huyu akikataliwa, oa huko huko.

Ndiyo maana Hinda alijitolea, na alijitolea kwelikweli, si mchezo! Kila alasiri, akishamaliza kuuza maziwa yake ya ngamia, alimketisha rafiki yake na kumsomesha. Ndani ya basi usitoe noti, dereva hapokei, gusisha kadi. Kwenye treni usimsalimie mtu, atadhani una wazimu. Ukikanyagwa mguu, wewe uliyekanyagwa ndiwe useme samahani. Jamani, mji gani huo! Soko la Whitechapel nenda asubuhi, kabla bamia nzuri hazijaisha.

“Umeyajulia wapi yote haya?” Ramlo aliuliza siku moja.

“Kwenye simu. Nilitazama video mpaka macho yakauma, mwaka ule walioniita mimi.”

Hinda naye wakati huo alikuwa na mume kule. Aliporudi kutoka Garissa alisema ameghairi mwenyewe, baridi ya Ulaya haiwezi. Baadaye talaka ikaja kwa simu, na watu wakaona haya kuuliza zaidi.

Siku ya kuamkia safari, Hinda alimshika Ramlo mikono yote miwili. “Jambo moja tu. Usiwaambie umefundishwa, watasema umekariri. Jibu upesi, kama mtu anayeeleza njia ya kwao.”

Ramlo alijibu upesi. Afisa wa mahojiano, Bi. Katunge, alimuuliza angefikaje kwa mumewe kutoka uwanja wa ndege. Ramlo akamtoa uwanjani hadi mlangoni: treni ya kwanza, treni ya pili, na mlango wa kutokea usio na msongamano. Bi. Katunge akaacha kuandika.

“Nani alikueleza haya?”

“Hakuna. Nayajua tu.”

Alitoka pale kifua mbele, akamnunulia Hinda shela ya kijani sokoni Garissa.

Barua ilikuja baada ya wiki tano. Karani wa kambini alimkabidhi bahasha, akatazama orodha yake. “Pole, mama. Wamekataa. Sababu imo ndani.” Ramlo hakujua Kiingereza. Alikimbia hadi kwa Hinda, viatu mkononi.

Hinda aliipokea, akampa mgongo na kugeukia mlangoni penye mwanga. Alimsomea polepole kwa Kisomali. “Majibu ya mwombaji yanaonyesha kwamba amewahi kuishi London, na anaficha jambo hilo. Kwa kuwa amesema uongo, ombi lake limekataliwa, na halitapokewa tena.”

Ramlo alianguka jamvini akalia mpaka sauti ikamkauka. Miaka sita, yote imekwenda na maji! Hinda alilia naye, akampangusa uso kwa ile shela ya kijani.

“Tutakaa wote hapa, abaayo,” alimnong’oneza. “Mimi na wewe.”

Machozi yalipopungua, Ramlo alinyoosha mkono, akaiokota barua yake pale jamvini. Bahasha ilikuwa bado imefungwa kwa gundi, haijachanwa popote.