Kisutu cha Wageni

Sanura na Debora waliingia dukani kwa Bi Kidawa kukwepa jua. Ilikuwa siku yao ya kwanza katika mji ule, na walikuwa wamesikia kwamba huko wapendanao kama wao hawajifichi. Wao walikuwa bado hawajathubutu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu," alisema Bi Kidawa akiwakunjulia kanga. "Nyinyi ni ndugu?"

Nyumbani kwao jibu lilikuwa tayari siku zote: ndiyo, mtu na dada yake. Debora alikwishafungua mdomo, lakini Sanura akamtangulia.

"Huyu ni mke wangu, bibi."

Bi Kidawa aliiweka kanga chini. Alimtazama huyu, akamtazama na yule, kisha akageukia mlango wa uani, alikokuwa binti yake.

"Mwanamvua, hebu njoo," aliita.

Debora alikumbatia mkoba wake, tayari kuondoka.

"Njoo na kisutu, hapa pana maharusi." Kisha Bi Kidawa akawauliza, "Siku yenu mlivishwa kisutu?"

"Hatukuwa na mtu wa kutuvisha," alijibu Sanura taratibu.

"Basi leo mnaye. Simameni."

Mwanamvua alipokileta kisutu, Bi Kidawa aliwafunika wote wawili kwa ile kanga nyekundu ya harusi, akaiweka sawa mabegani mwao huku akinung'unika kwamba Debora ni mrefu mno. Debora alicheka hadi machozi yakamtoka.

Walipotoka nje kichochoroni wakiwa wamejifunika kanga moja, mtu alipiga kigelegele kutoka dirisha la juu, bila hata kuuliza bibi harusi ni yupi.