Taa ya Mlangoni

Kila Jumamosi saa nne asubuhi, taa zilizo juu ya milango ya mtaa wetu huwaka zenyewe. Kijani maana yake wote waliomo ndani wanakubaliana moyoni na azimio la wiki. Nyekundu maana yake yumo asiyekubali, ila taa haisemi ni nani. Nyumba ya Mzee Mhando iliwaka nyekundu mara mbili. Alipofiwa na mkewe, hakuna aliyekwenda matangani. Hata mimi sikwenda.

Wiki hii azimio lilikuwa kuwakatia maji watu wa Machimboni ili sisi yatutoshe. Skola, dada yangu wa kazi, kwao ni Machimboni.

"Nenda kamsalimie mama yako," nilimwambia asubuhi na mapema, nikamfungashia kilo ya sukari.

Alinitazama. "Ni kwa sababu ya taa, mama?"

"Nenda tu, Skola."

Mume wangu yuko safarini, kwa hiyo nilibaki peke yangu. Nilikaa sebuleni nikijiambia kwamba azimio ni zuri, na kwamba mambo ya haki na usawa ni ya watu wenye muda. Saa nne ilipofika, nilitoka nje kutazama.

Nyekundu.

Ng'ambo ya barabara, Mama Nasra aliacha kufagia. "Pole, jirani! Ni huyo binti yako wa kazi, eti?"

"Ndiye," nilisema. "Yuko jikoni."

Nikafunga mlango, nikampigia Skola simu arudi upesi, apitie uani, asionekane na mtu.