Kadi ya Mleta Chai

Katika chumba cha waandishi, ukuta mzima ulijaa kadi za tamthilia, na kila mhusika alikuwa na rangi yake. Asiye na jina hakupewa rangi. Huyo alibandikwa pembeni, kwenye kadi nyeupe.

Mwanahawa, mweusi pekee pale mezani, alikuwa amemaliza wiki tatu bila kupewa hata mstari mmoja wa kuandika. Leo mkuu wao, Bwana Hendrik, alibandua kadi nyeupe akamsogezea.

"Mtumishi wa nyumba. Huyu wewe utamwelewa kuliko sisi. Anasema 'chai tayari,' anatoka."

"Anaitwa nani?"

"Analeta chai tu, bibie."

Mwanahawa akaiangalia ile kadi. Siku yake ya kwanza hapa aliinuka kuwamiminia wote chai, maana kwao mgeni mwenye adabu hangoji kuambiwa. Tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyewahi kuinuka.

Akachukua kadi ya manjano, rangi isiyo na mwenyewe, akaandika: *Riziki anaingia na sinia. Analiweka mezani. Anavuta kiti, anaketi.*

Akaibandika katikati ya ukuta.

Hendrik akaisoma mara mbili. "Halafu anasema nini?"

Saa ya chai ilikuwa imewadia na birika lilikuwa tupu. Wote wakalitazama birika, kisha wakamtazama Mwanahawa.

Akavuta kiti, akaketi.